Wifi Alimpa Chai Mtu Aliyekuja Kumchukua Mbwa Wangu

Admin, nifichie jina na picha, maana ukoo wa mume wangu umejaa humu na wanasoma kila kitu. Mimi ni Mtanzania wa miaka hamsini na sita, mama wa watoto wawili wakubwa, nipo Toronto tangu nikiwa na ishirini na tano. Nimebeba hasira moja tangu miaka ya tisini na sioni aibu kusema hivyo. Wale wa "samehe saba mara sabini" wasubiri nimalize kwanza.

Wakati huo tulikaa ghorofa ya kumi na moja pembezoni mwa jiji, manispaa siitaji. Tulikuwa mimi, mume wangu, na dada yake mkubwa aliyekuja kwa miezi mitatu akakaa miaka minne. Huyo nitamwita Wifi. Mimi nilihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, mume wangu alikuwa kiwandani, Wifi kazi yake ilikuwa kutukagua.

Januari moja jirani alihama akaacha mbwa amefungwa kwenye balkoni. Siku mbili nilimsikia analia. Siku ya tatu akanyamaza, ndipo nikamfuata msimamizi wa jengo anifungulie. Mbavu zilikuwa zinahesabika na ncha za masikio zimeungua kwa baridi. Nikamfunga kwa kanga nikamleta ndani, nikamwita Karanga kwa ajili ya rangi yake. Alikuwa pitbull. Sikujua, na hata ningejua ningemchukua.

Wifi aliniambia, "Kwetu mbwa analala nje."

Nikamjibu, "Kwetu nje hakuna barafu."

Kumbe manispaa ilikuwa na kanuni: mbwa wa aina ile wote ni hatari, hata yule ambaye hajawahi kumbwekea mtu. Waliandikishwa waliokuwepo kabla ya kanuni tu, wengine wanachukuliwa. Karanga hakuwa na karatasi. Nikajiunga na kikundi cha kuipinga, Wazungu watupu na mimi. Nilisimama mbele ya madiwani na Kiingereza changu cha kuungaunga, nikawauliza kwa nini hawamwadhibu mwenye mbwa aliyeng'ata, badala yake wanawaadhibu mbwa wote wanaofanana naye. Dakika zangu tatu zikaisha, wakamwita mwingine. Nyumbani Wifi alikuwa ananisubiri.

"Wenzako wanavuka mipaka na watoto mgongoni, wewe unalilia mbwa," akasema. Na hao wenzangu hakuwahi kuwatumia hata blanketi.

Mama mmoja wa kikundi alikuwa na shamba mbali, ambako kanuni ile haikufika. Tulikubaliana amchukue Karanga Jumamosi. Zilibaki siku tano za kumficha. Nikamkalisha Wifi nikamweleza taratibu: mtu wa manispaa haingii ndani isipokuwa ana karatasi ya mahakama au amekaribishwa. Akibisha hodi, ongea naye mlango ukiwa umefungwa. Wifi akasema, "Nimesikia."

Ijumaa nilirudi kutoka kazini saa kumi jioni. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai ya maziwa na sahani ya maandazi iliyobaki makombo. Karanga hakuja mlangoni kunipokea.

Wifi alikuwa anafuta meza. "Alikuja bwana mmoja wa manispaa, nikamkaribisha," akasema. "Mgeni anaachwa mlangoni? Mimi sikulelewa hivyo."

Akanieleza bila haya kwamba Karanga alisikia harufu ya maandazi, akatoka chumbani akitikisa mkia, akaweka kichwa kwenye goti la yule bwana. Yule bwana akamaliza chai yake, akashukuru, akamfunga kamba. Jumatatu nilipofika kwenye kituo chao cha mbwa walikuwa wameshamdunga sindano ya kumuua. Walinipa mkanda wake wa shingoni ndani ya bahasha. Nilikaa kwenye kituo cha basi nikalia hadi mabasi matatu yakapita.

Kikao cha familia kiliamua kwamba Wifi alitenda ukarimu na mimi nina roho mbaya. Mume wangu alisema ni mbwa tu. Lakini mimi jikoni napajua, jamani. Wifi alichoma maandazi Jumapili tu, na unga wake ulikaa saa mbili kuumuka. Ijumaa ile alimkandia nani? Mtu hakandi unga kwa ajili ya mgeni asiyemtarajia. Niliuliza hivyo hivyo kikaoni. Tangu siku hiyo sijala chakula cha mkono wake, harusini wala msibani. Nikaingia kwenye kazi ya kusafirisha mbwa kama Karanga kuwapeleka kanuni ile isikofika, na sheria ilipokuja kuwa ya mkoa mzima nikazidisha.

Wiki iliyopita mlango uligongwa. Ni Wifi, anatembelea fimbo, na mjukuu wake wa miaka kumi na tano. Binti ana mbwa wa aina ya Karanga, anaitwa Biscuit. Jirani amewashtaki, na barua inasema wanakuja kumchukua Ijumaa ya wiki hii.

Wifi akasema, "Wewe ndiye unayejua watu na njia. Mtoto hali, halali."

Binti akasema, "Auntie, please. He's never hurt anybody."

Sikuwakaribisha ndani. Nilimuuliza Wifi swali moja tu: "Yule bwana, nani alimpigia simu?"

Akashika fimbo kwa mikono miwili. Akasema, "Nilidhani watampeleka tu kwa mtu mwingine." Mjukuu akamuuliza, "Bibi, who?" Nikafunga mlango, wao wakiwa nje.

Gari langu lina mafuta na njia naijua hata nikifumba macho. Lakini kila nikishika funguo namwona Wifi akikanda unga. Nikimwokoa huyu, Wifi atalala usingizi ambao mimi sikuupata. Nikimwacha, binti yule atapewa mkanda kwenye bahasha, na safari hii aliyeshikilia mlango nitakuwa mimi.

Leo ni Jumatano. Niambieni la kufanya, ila asiniambie mtu kwamba ni mbwa tu.