Nilimsingizia Mungu Ili Mpunga Wangu Upandwe Kwanza

Nimemsingizia Mungu, ndugu zangu. Msimtwishe shetani mzigo huu. Ni mimi, mzee wa kanisa hapa Kasekese, mwenye mvi na Biblia iliyochakaa kwa kusomwa.

Huku kwetu mpunga haupandikizwi na mtu peke yake. Kaya kadhaa tunaungana, leo wote kwa huyu, kesho kwa yule. Zamu tunazipanga kwa kuokota kura mvua zikianza, na kura ikishatoka haibishaniwi. Msimu uliopita Mama Ester, mjane jirani yangu, alitoka wa kwanza. Mimi nikatoka wa mwisho.

Nilichukia! Jaruba langu liko juu, maji hayakai. Miche ilikuwa inazeeka kitaluni, mgongo unauma, mvua yenyewe ya kubahatisha. Nikawa nanung'unika: miaka yote namtumikia Bwana, malipo ndiyo haya? Na Jumapili ile ile nilikuwa nimewafundisha watu kushukuru kwa kila jambo!

Asubuhi ya kwanza tulikutana shambani. Kama kawaida niliombwa nifungue kwa sala. Nikafumba macho, nikasema, "Bwana, asante kwa kunionyesha kwamba tuanze na jaruba la juu."

Loo, mdomo huu!

Nilipofumbua macho watu walikuwa wanatazamana. Nashoni, fundi baiskeli asiyejua kunyamaza, akauliza, "Mzee, hilo jaruba la juu si lako?"

"Usicheze na mambo ya Roho!" nikamkaripia.

Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Yohana, alikuonyesha saa ngapi? Usiku kucha umekoroma."

Aliyemaliza mjadala ni Mama Ester. "Kama ni Mungu amesema, mimi nani nibishe? Twendeni." Akatangulia kuingia kwenye tope langu.

Tulipomaliza kwangu, ikashuka mvua kubwa. Mto ukafurika, ukafunika kwa mchanga kitalu cha Mama Ester kilichokuwa ukingoni. Majaruba yake yako mbali na mto. Tungefuata kura, miche yake ingekuwa imeshapandikizwa huko, salama. Akaomba mbegu kwa watu, akaotesha upya, lakini alikuwa amechelewa. Mvua zilikatika mpunga wake ukiwa ndiyo kwanza unachanua.

Nami nikamwambia nini? "Mama Ester, Mungu ana makusudi yake." Nilisema hivyo!

Mpunga wangu ulikubali. Tulipokaribia ibada ya mavuno nikaona Mama Ester amekoma kushiriki meza ya Bwana. Kisha akaja nyumbani. Alikaa kwenye kigoda, amekonda kwa kufunga.

"Mzee, niambie ukweli. Nimemkosea nini Mungu? Wewe alikuonyesha, mimi akaninyima. Nimetubu hadi dhambi za utotoni. Bado sijui ni ipi."

Jamani! Njaa niliyomletea niliiona tangu mapema. Hili sikuwahi kuliwaza.

"Mungu hakunionyesha kitu," nikasema. "Nilitunga."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Niliogopa mpunga wangu utakauka."

Nilingoja anitukane. Akafunika uso kwa kitenge, akalia, akasema, "Asante Yesu. Kumbe hukuniacha."

Hana mpunga, anashukuru! Mimi nyumba imejaa magunia, na tangu nivune sikuwa nimeweza kusema asante hata moja ikatoka moyoni.

Kisha akanigeukia, macho makali. "Nimekusamehe. Ila usidhani yameisha. Utawaambia wote, kwa mdomo huo huo."

Nikawaambia, siku ya mavuno, mbele ya kanisa. Uzee wa kanisa nimevuliwa, na ni haki. Mpunga niligawana na Mama Ester, akaupokea bila kunishukuru. Nikipita dukani vijana wananiuliza, "Mzee, leo umeonyeshwa nini?" Inauma! Nakasirika, halafu nakumbuka aliyenifanya kichekesho ni mimi mwenyewe.

Msimu huu kikundi chetu cha kupandikiza kimenipokea tena. Kura imenitoa wa mwisho tena. Sala anaomba Nashoni, na yake ni fupi: "Bwana, asante kwa mikono na kwa mvua. Tunaanza kwa aliyetajwa na kura. Amina." Nainama kwenye majaruba ya wenzangu, mgongo ukiniuma vile vile, na nashukuru kweli. Nimesamehewa, na bado kuna watu wanaokubali kushika tope pamoja nami.

Nyie mnaoongoza sala kazini na makanisani, nisikilizeni. Ukitaka kuanza, sema, "Nataka kuanza." Watu watakubishia, na ubishi hauui. Lakini usiipe tamaa yako jina la Bwana. Kuna mwenzako atakuamini, atarudi nyumbani kwake, atapiga magoti, na ataanza kutafuta dhambi ambayo hakuitenda.