Kibanda cha Tatu Kando ya Mto Njoro

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo, mwaka 2007, ilikuwa kuwaeleza watu wa mtaa wa Rhonda faida ya kutengenezwa kwa ukingo wa mto Njoro. Shirika dogo lililoniajiri lilitaka kuondoa takataka, kupanda miti, na kujenga njia ya mawe, daraja la miguu na vibanda sita vya biashara. Nilipewa mchoro nikaambiwa niwashawishi watu.

Wa kwanza kunisikiliza alikuwa mama mmoja mjane aliyeosha magunia. Wafanyabiashara wa sokoni walimletea magunia yaliyotoka na viazi Dundori; aliyasugua mtoni, akayaanika kwenye nyasi, nao wakayachukua yakiwa safi. Alikuwa na mikono mikavu yenye nyufa, na alikuwa na maswali.

"Sasa madam, hao watu wa kununua vitu watatoka wapi?"

"Watatoka hapa hapa, mathe. Mahali pakiwa pasafi mtu anapita. Akipita anasikia njaa, anakula. Mwenye kuuza chakula ananunua unga kwa duka la hapo juu, na mwenye duka anaajiri mtu. Pesa inazunguka huku kwetu."

"Na mimi? Magunia nitaoshea wapi?"

"Wewe utakuwa na kibanda."

Hakuna aliyenituma kusema hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilitaka akubali.

Alikubali kuliko wote. Tuliposema uchafu wa magunia usiingie tena mtoni, alichimba shimo mbali na maji akawa anabeba maji kwa ndoo, ingawa mgongo ulimuuma na wateja wengine walimhama kwa kuchelewa. Aliwatoa majirani kila Jumamosi kuokota takataka. Kwenye orodha ya vibanda niliandika jina lake kwenye nafasi ya tatu, karibu na daraja, kwa sababu alisema wanaovuka ndio watakaosikia harufu ya chapati. Tayari alikuwa amenunua kikaango.

Kisha ukaja uchaguzi, na baada yake moto. Mama huyu alikuwa ameishi Rhonda zaidi ya miaka ishirini, lakini jina lake lilikuwa la watu ambao, Januari ile, mtaa uliamua ni wageni. Walioichoma nyumba yake, aliniambia, wawili kati yao walikuwa wakiokota takataka pamoja naye.

Nilimkuta katika kambi ya wakimbizi kwenye uwanja wa maonyesho, ameketi nje ya hema amevaa sweta ya kupewa. Nilimpelekea unga na sabuni. Hakulia. Aliniuliza habari za mto.

"Kazi imesimama," nikamwambia. "Mafundi wakirudi, tutaendelea."

"Basi niwekee nafasi yangu, mwanangu. Mambo yakitulia nitarudi."

"Nitakuwekea."

Katikati ya mwaka mafundi walirudi na kumaliza haraka. Ilipofika siku za kugawa vibanda, kila mtu alitakiwa afike mwenyewe na kitambulisho. Nilienda uwanjani nikakuta hema lake halipo. Mwanamke wa hema la jirani alisema amepakiwa kwenye lori, labda upande wa Molo, hakujua. Simu yake haikuingia. Msimamizi wangu alinipa siku tatu, na baada ya hizo tatu akasema, "Kuna watu wanangoja." Nilichukua rula nikapiga mstari juu ya jina lake, nikaandika la mtu mwingine.

Vibanda vilifanya vizuri. Jumapili watu walitoka kanisani wakatembea juu ya mawe yale na watoto. Fundi viatu alipata wateja, muuza miche akapanua kitalu, na duka la juu likaongeza mlango. Niliandika ripoti kuhusu faida hizo zote, na hakukuwa na uongo hata mmoja ndani yake.

Alikuja Novemba. Nilimwona akivuka daraja polepole, amekonda. Alinunua chapati kwenye kibanda cha tatu, akaila amesimama, akimtazama mwenye kibanda akiwahudumia watu. Nilimfuata nikamsalimu.

"Madam, ulisema ukweli," akasema. "Watu wanakuja."

"Mathe, nilikutafuta."

"Najua. Waliniambia kuna msichana alikuja." Akajifuta mikono kwenye leso. "Jina langu nani alilikata?"

"Ni mimi."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei. Baadaye akaniuliza kama hawataki mtu wa kufagia ile njia. Nilikimbia kwa msimamizi nikamwomba, nikamwambia mama huyu alifanya nini kwa ukingo huu. Akasema wafagiaji wametosha, labda mwaka ujao.

Nilirudi nikamwambia. Akasema sawa, akashukuru, akaniuliza kama mama yangu mzazi hajambo. Nilijibu hajambo. Kisha akasema lazima awahi gari la Molo. Sikumwona tena. Nami niliacha kazi mwezi uliofuata, na wenzangu waliponiuliza sababu nilisema nimepata nyingine, ilhali sikuwa nimepata.