Kamba ya Buluu Juu ya Ukuta

Kamba ile ilitoka dirisha la salon yetu, sebule ya wageni, ikapita juu ya mlango wa jikoni, ikaruka ukuta, ikaingia dirishani kwa jirani yetu, mama mmoja mwenye asili ya Kasai. Yeye nami tumekaa ukuta kwa ukuta tangu waume zetu walipokuwa wakiamka pamoja kwenda mgodini. Aliyeivuta kamba ni mjukuu wangu wa kike, anayesoma mambo ya kompyuta kwenye chuo hapa Kolwezi. Alipanda juu ya kiti changu, kile nisichompa mtu, na mimi nilikishika miguu ili asianguke.

Majina ya watu wote hawa ninayo kichwani, hata ya wazazi wao. Siyaandiki. Wenyewe wangali hai, na midomo wanayo.

Mjukuu wangu alikuwa amekusanya kompyuta kuukuu kutoka maofisini, zile watu walizokuwa wakizitupa. Nyingine hazikuwa na mfuniko, matumbo yako nje. Nusu alizipanga salon, juu ya kabati la vyombo, chini ya picha ya harusi yangu. Nusu alizipeleka kwa jirani, na ile kamba ya buluu ndiyo iliyoziwezesha kusemezana. Sababu ya kuzigawa ni umeme. Nyumba yetu na ya jirani ziko kwenye laini mbili. Kwetu ukikatika, kwake mara nyingi upo. Kwake ukikatika, sisi tunamchemshia maji. Shaba inatoka chini ya miguu yetu inakwenda kubeba umeme wa watu wa mbali, na sisi tunapigiana hodi na birika mkononi. Tumezoea, na tunacheka.

Nilimuuliza, "Mwalimu wa chuo njo anaomba hii kazi?"

"Hapana, Kambo. Ni ya mi mwenyewe. Napenda tu." Kambo ndiyo mimi, bibi yake.

"Sawa vile mi napenda kuimba?"

"Njo vile. Lakini mi siimbe mubaya."

Ndani ya zile mashine aliweka kitu kinachoitwa Linux. Nikamuuliza ni cha nani. Akasema ni cha watu wote: kila mtu anaweza kukichukua, kukifungua, kukirekebisha, na kumpa mwenzake. Nikamwambia hicho nakifahamu, ni kama mbegu ya lengalenga, mchicha wetu. Hakuna anayeinunua. Unaomba kwa jirani, na kwako ikizaa, mwingine anakuja kuomba. Juu ya hiyo Linux yeye alikuwa akiandika programu yake mwenyewe, ya kuzifanya mashine zote zifanye kazi moja pamoja, kama vile ni mashine moja kubwa.

Hapo sikuelewa. Akakaa chini karibu na mbabula yangu ya makaa, akasema, "Kambo, unakumbuka bukari ya ndoa ya yaya?"

Nitasahauje? Harusi ya dada yake mkubwa, mjukuu wangu wa kwanza. Tulipika bukari, ugali wetu, nje, kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea, na mwiko mrefu kama mti wa kuezekea. Bukari ya watu wengi haisongwi na mtu mmoja. Mama mmoja anasonga mpaka mkono unakufa, na kabla hajasimama, mwingine tayari ameushika mwiko juu ya mkono wake. Mwiko hausimami. Ukisimama, bukari ni mabonge, na aibu ni ya ukoo mzima.

"Bon. Kuran ikikatika, masini moya ikikufa, ingine inakamata mwiko pale pale. Kazi haianze mwanzo. Njo programu yangu."

Kila mashine ilitaka jina, basi nikampa majina ya wanawake niliopika nao maisha yangu yote, walio hai na waliotangulia. Niliyataja bila kusita, yeye akiandika. Ile aliyoipa jina la wifi yangu, Mungu amrehemu, ilikuwa inapata moto haraka na kulia kuliko zote, na kazi yake ndiyo ilikuwa ndogo. Nilicheka mpaka nikatafuta mahali pa kukaa.

Asiyecheka alikuwa baba yake, mwanangu mkubwa, karani kwenye gereji ya malori ya barabara ya Fungurume. Yeye si mtu mbaya. Ila salon ni yake, na hakuwa tena na mahali pa kuweka miguu. Tena kulikuwa na jambo la filamu. Mpiga picha wa harusi alituachia filamu nzito isiyotaka kufunguka kwenye televisheni wala simu; ilibidi kubadilishwa kwanza, kipande kwa kipande. Kwenye kompyuta moja kazi hiyo ni ndefu, na kila umeme ukikatika inarudi mwanzo. Mtoto alishajaribu hivyo mpaka akachoka. Na baba wa bwana harusi, mzee wa Kananga ambaye siku ya harusi alikuwa mgonjwa kitandani, sasa alikuwa amepona na anakuja Jumapili kutuona na kuiona ndoa ya mwanawe.

"Mwana," mwanangu akasema, akiwa amesimama katikati ya nyaya, "bakwe banakuya siku ya yenga. Batakaa wapi? Juu ya masini?"

"Tata, filme itakuwa tayari. Masini yote itaitumikia pamoja. Nakuapia."

"Kila siku unaniapia. Sikiya: kama muzee haone filme siku ya yenga, kesho yake, lundi, ule wa mitraye akipita namuita. Ile bitu yako iko na shaba muzuri ndani."

Mtu wa mitraye ni yule anayezunguka mtaani akigonga chuma, ananunua vyuma vya kutupa. Mjukuu wangu aliweka mkono juu ya mashine iliyokuwa karibu, kama mtu anayemshika mtoto mbele ya mbwa.

"Na pikipiki yako, Tata? Nayo haina shaba?"

"Pikipiki itafufuka!"

Nilikohoa. Pikipiki ile ilikuwa imelala kwenye stoo tangu huyu binti hajaota meno ya pili, na kila Pasaka baba yake alikuwa akisema mwaka huu inatembea.

Ijumaa mashine zikaanza kazi. Umeme ulikatika kwetu, za jirani zikaendelea. Ukarudi, zetu zikaamka na kuuliza pa kuanzia. Mtoto alikuwa akiniita kila mara: "Kambo, kuya uone! Wifi yako anatumika kazi!"

Jumamosi asubuhi alikwenda chuoni. Mimi nachambua sombe, majani ya muhogo, uani, jirani akanisalimu kwa salamu ya kwao kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Moyo, mamu!"

"Moyo!"

"Ambia mutoto aksanti mingi!"

"Aksanti ya nini?"

"Yee mwenyewe anajua. Batoto ya leo bale bako na heshima vile ni bachache."

Nikafikiri ni kuhusu mandazi tuliyompelekea. Nikaendelea na sombe yangu.

Alasiri mtoto akarudi, akafungua mlango wa nyuma, akasimama. Juu ya kamba yake ya buluu, upande wa jirani, zilikuwa zimeanikwa bitenge za sikukuu, shuka mbili, na blanketi zito likidondosha maji. Kamba ilikuwa imelala chini kama tumbo la ng'ombe, na kichwa chake kilikuwa kimechomoka dirishani kwetu, kinaning'inia.

"Mama!" akaita juu ya ukuta, sauti yake nyembamba. "Nani alianika blanketi?"

"Njo mi! Si ulinitandikia kamba ya manguo? Nilisema: ona, ya buluu, haina kutu, haitachafua bitenge yangu. Mungu akubariki!"

Ungefanya nini? Mtu mzima amekubariki. Mjukuu wangu akasema, "Amina, Mama," akazunguka, akaziteremsha nguo moja moja, akazikunja kwa adabu, kisha akarudi akakichomeka kichwa cha kamba mahali pake. Akakaa mbele ya mashine. Halafu akaruka.

"Imemaliza, Kambo! Yote!"

Tulicheza pale pale, mimi na mwiko wangu. Vipande vyote vilikuwepo. Aliviunganisha Jumapili asubuhi tukijitayarisha kwa misa, na muda wa kuitazama filamu mpaka mwisho haukuwepo.

Tuliporudi kutoka kanisani tukakuta umeme uko pande zote mbili. Nikasema leo Mungu naye ni mkwe wetu. Mashine nilikuwa nimezifunika kwa vitambaa vyangu vya kufuma, na juu ya wifi nikaweka chombo cha maua. Mzee wa Kananga tukamkalisha kwenye kiti changu. Kushoto kwake bwana harusi na bibi harusi, kulia sisi, na katikati ya pande mbili akakaa tata aliyekuwa mshenga, mtu wa katikati tangu siku ya kwanza ya kuomba uchumba, maana hata leo mambo ya wakwe hayapiti bila yeye. Jirani alikuja na kitenge chake kilichokauka vizuri.

Filamu ikaanza. Gari likafika, bibi harusi akashuka, mwanangu akamshika mkono, wakaenda mpaka mlango wa kanisa. Wakaingia. Vigelegele.

Halafu wakaingia tena.

Kwenye televisheni wale wale, nguo zile zile, mtoto yule yule aliyekanyaga shela, akaikanyaga tena. Mzee wa Kananga akainama mbele.

"Ni desturi ya huku? Banaingia mara mbili?"

Jirani yetu hakungoja. "Ndiyo, Tata. Ya kwanza ni ya Mungu, ya pili ni ya bakwe ile habakukuwa kule."

Mzee akatazama kushoto, akatazama kulia, akaanza kucheka taratibu, mabega kwanza. Padri akauliza, bwana harusi akajibu ndiyo. Padri akauliza tena, akajibu tena. "Muzuri!" mzee akapiga goti kwa kiganja. "Mwanaume anaweza kusahau ya kwanza!" Hapo salon yote ikapasuka.

Mimi nilikuwa namtafuta mjukuu wangu. Nilimkuta nyuma ya pazia la jikoni, uso kwenye mikono.

"Kambo, ni blanketi. Kamba ilitoka, masini ya huku ikafikiri ya kule imekufa, ya kule ikafikiri ya huku imekufa. Kila upande ulilia matanga ya mwenzake, ukakamata mwiko, ukafanya kazi yote ile ilibaki. Nilivyorudisha kamba, kila upande ukaleta bipande yake, na mi nikaunganisha bila kuangalia. Tata ataziuzisha kesho."

"Ngoja. Sikia kwanza."

Tulisikiliza. Huko salon filamu ilikuwa imefika kwenye karamu, mahali mwanangu anapocheza mbele ya keki, kofia inamwanguka, anaiokota bila kuacha kucheza. Sasa ilikuwa ikija mara ya pili, na wageni walikuwa wanaingoja. Waliimba wenyewe, wakahesabu hatua, na kofia ilipoanguka walipiga kelele mpaka vikombe vikalia kabatini. Kisha ikasikika sauti moja juu ya zote, sauti ya karani wa gereji:

"Mwana! Uko wapi? Rudisha pale nacheza! Muzee anataka ya tatu!"

Alijipangusa macho kwa kanga yangu akatoka. Lakini mlangoni akasimama, anatazama ndani, macho yake kwa yule tata wa katikati, aliyekuwa akimweleza mzee neno fulani kwa mkono mmoja na kututuliza sisi kwa mwingine.

"Kambo," akasema polepole, "inafaa nyumba ya tatu. Pande mbili kama hazisikilizane, isikamate mwiko bure. Iulize kwanza ule wa katikati: mwenzangu amekufa kweli?" Akacheka peke yake. "Nilisoma hii kitu mu bitabu, nikaona kama ni mapambo tu."

Akaenda kurudisha filamu.

Jumatatu asubuhi mtu wa mitraye akagonga chuma chake langoni. Mwanangu ndiye aliyekuwa amemwambia apite. Mjukuu wangu aliacha chai, akasimama mbele ya kabati, mikono kifuani. Baba yake alimpita, akatoka nyuma. Tukasikia mlango wa stoo ukilia, halafu kitu kizito kikiburutwa. Akatokea uani anaisukuma pikipiki, matairi yamelala, nyumba za buibui kwenye usukani.

"Tata! Si itafufuka?"

"Itafufuka kule inaenda," akajibu, bila kumtazama. Akaipapasa kiti mara moja, akaisukuma nje. Aliporudi alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. "Stoo iko wazi. Toa bitu yako mu salon yangu. Na mutazamo wa kulia vile, acha: unafanana na kambo yako."

Siku hiyo hiyo tulizihamishia mashine stoo. Nyumba ya tatu ilipatikana kwa mwalimu mstaafu wa nyuma yetu, mwenye laini nyingine kabisa, na kamba ya pili ikavutwa. Kwa jirani, mjukuu wangu alinunua waya, akautandika toka ukuta hadi mpapai, akamwita mama wa watu aujaribu kwa blanketi lile lile. Sasa ukisimama uani kwetu unaona ya buluu juu, haina kitu, na ya chini imejaa bitenge.

Nami nikipika, kutoka stoo namsikia wifi yangu akilalamika, na wenzake wakifanya kazi.