Nilimfundisha mzee wangu cloning, akaikataa figo ya dada yangu

Wakuu, poleni na majukumu.

Uzi huu hauna chai hata kijiko. Yamenikuta mwenyewe, huku Lushoto, na bado nina hasira ingawa sijui vizuri namkasirikia nani.

Mimi ni mwalimu wa biolojia, sekondari. Mzee wangu ni mkulima wa viazi, Mlola. Figo zake zote mbili zimechoka, anashuka mlima mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Dada yangu Mwanaidi alipimwa akaonekana anafaa kumpa moja. Daktari akasema tusikawie.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipotuponza.

Tulikuwa bandani tunachagua viazi vya mbegu, mzee akaniuliza kama hakuna njia nyingine. Mwalimu ukiulizwa swali huwezi kunyamaza, si mnatujua. Nikamwaga somo lote la cloning. Kwamba wanasayansi huchukua kiini cha seli yako, wanakipandikiza kwenye yai lililoondolewa kiini chake, wanapata seli shina, na siku moja huenda wakaotesha figo ambayo mwili hautaikataa kwa sababu ni yako mwenyewe.

Nikaona haelewi. Nikaokota kiazi. "Baba, ni kama hiki. Ukikipanda, vinavyozaliwa ni kilekile."

Uso ukamng'aa. Kumbe kazi hiyo ameifanya maisha yake yote.

Wakuu, "siku moja" nililisema. Naapa nililisema.

Kliniki iliyofuata akamwambia daktari kwamba figo ya binti hataki, anasubiri ya kwake ioteshwe. Daktari akanigeukia mimi. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Mwezi mzima nimebomoa nilichojenga. Nikamwambia huko maabara wamefikia vipande vidogo tu vinavyofanana na figo, haviwezi kumsafisha mtu damu, na hata hiyo njia ya yai bado watu wanabishania kama ni halali. Akanijibu, "Viazi vyangu navyo huanza vidogo."

Jirani naye akaja kuuliza kama naweza kumtolea kopi ng'ombe wake wa maziwa. Nilichoka, jamani.

Huku miguu ya mzee inavimba, chakula hakipiti. Siku moja nikamfokea. Baba yangu mzazi, nikamfokea, hadi mama akanitoa nje. Kesho yake shikamoo yangu aliiitikia kwa shida.

Ndipo Mwanaidi akaja kutoka kwa mumewe. Huyu aliishia darasa la saba. Akamfuata mzee bandani, mimi nikabaki mlangoni.

Mzee akamwambia taratibu, "Mwanangu, hiyo figo ya kuoteshwa najua sitaiona. Kaka yako alinieleza vizuri. Lakini wewe ni mbegu yangu. Katika nyumba hii tumewahi kulala njaa, na mbegu sikuigusa."

Mwezi mzima namfundisha mtu aliyeelewa siku ya kwanza.

Mwanaidi akachagua kiazi kikubwa. "Tate," akasema, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kishambaa, "mbegu kubwa namna hii huwa unaipandaje?"

"Naikata vipande viwili."

"Halafu?"

"Napaka jivu kwenye kidonda, nasubiri kikauke."

"Kipi kinakufa?"

Mzee alikishika kile kiazi, akakigeuza geuza, akafuta udongo kwa kidole. Kisha akauliza, "Huko hospitali jivu wanalo?"

"Wana la kwao," Mwanaidi akasema.

Amekubali. Tunaondoka Jumatatu.

Nilichojifunza: ukimsimulia mgonjwa sayansi ya kesho, anza kwa kumwambia leo haipo. Na mtu akikataa jambo lililo wazi, muulize kwanza anaogopa nini, kabla hujamrudishia somo. Mimi nina cheti cha ualimu na sikuuliza.

Cloning bado naiamini. Ikifika siku hakuna baba anayelazimika kumtazama binti yake akipelekwa chumba cha upasuaji kwa ajili yake, nitashangilia kuliko wote. Ila mzee wangu hana muda wa kuingoja.

Karibuni wenye uzoefu, hasa mliowahi kumpa mzazi figo. Mwanaidi anataka kujua ataruhusiwa kushika jembe baada ya muda gani.

Mzee anataka kujua hilo zaidi yake. Ameshaniuliza mara nne tangu asubuhi, na safari hii sithubutu kumjibu kwa kubahatisha.