Niliruhusu Yote Bila Kusoma, na Redio Ikatoboa Siri ya Mjane

Kosa ni langu. Naanza hapo kwa sababu kwa siku tisa nilisema ni la umeme, na kila mtu akanikubalia. Hapa Kisangani umeme hauna wakili.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane. Nilimaliza sekondari, nikakaa miaka ishirini na sita katika ofisi ya komine, yaani serikali ya mtaa, nikigonga mihuri kwenye vibali. Nilipostaafu, redio moja ndogo ya mtaani ilinichukua nitunze kumbukumbu zake, kwa sababu naandika vizuri na sinywi. Jina lake sitalitaja. Redio haina kosa.

Vipindi vyake vyote hurushwa na kompyuta moja kubwa. Fundi wake ni Espérance, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenyeji wa Butembo, mwenye subira ambayo mimi niliimaliza. Yeye ndiye aliyeweka ndani ya kompyuta ile kitu tulichokiita mlinzi. Nieleze kidogo, maana bila hilo hamtaona ukubwa wa upumbavu wangu.

Kila programu inayofanya kazi mle ndani imepewa alama, na kila dosie ya sauti, yaani folda, imepewa alama. Sheria zinasema alama hii iguse ile, basi. Kisichoandikwa kimekatazwa, hata kama anayekitaka ni mkurugenzi mwenyewe. Programu ya kurusha hewani iliruhusiwa kusoma dosie moja tu, ya vipindi vilivyo tayari. Ikijaribu kugusa kingine, mlinzi anakataa na kuandika mstari mmoja kwenye rejista yake.

Hatukuweka mlinzi huyo kwa mapambo. Tulikuwa na kipindi ambamo wanawake walisimulia shida za nyumbani. Sauti zao mbichi, zenye majina, zilikaa kwenye dosie ya siri mpaka Espérance abadilishe sauti na kukata majina.

Mmoja wao alikuwa Mama Zawadi, mjane wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Shemeji yake alilitaka shamba la marehemu. Mama alirekodi karibu robo saa. Alitaja jina la shemeji. Akasema pia, maana watu hujisahau mbele ya mikro, kwamba karatasi ya shamba ameificha kwa dada mmoja wa kwaya, chini ya gunia la mchele. Bila karatasi hiyo hana shamba.

Alipotoka aliniuliza: "Papa, na hii sauti yangu, nani iko na ufunguo yake?"

"Mama, hata mimi sina," nikamjibu. "Hata mukubwa wa redio hana. Enda ulale."

Siku ile ilikuwa kweli!

Mwezi uliofuata Espérance alikwenda Bafwasende kumzika mjomba wake. Mvua ilikata barabara, na siku nne alizoomba zikawa kumi na tatu. Kabla ya kuondoka aliniachia nywila na maneno machache.

"Papa, mulinzi akikataza kitu, andika tu. Usiruhusu. Ntaangalia mwenyewe."

"Binti, mimi niligonga muhuri zamani, mbele weye uzaliwe."

"Njo maana naogopa," akasema. Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi.

Siku ya tatu, tangazo la msiba halikusikika. Nilikuwa nimeliweka kwenye dosie mpya niliyoitengeneza mwenyewe, isiyo na alama. Mlinzi akalikataa, kama alivyofundishwa. Familia ya marehemu ikafika mlangoni, watu watano wenye vitambaa vyeusi. Mkurugenzi akaingia anatoka jasho.

"Muzee, batu banalia pale inje, na redio inapiga rumba! Alors, tufanye nini?"

Nikafungua rejista. Makatazo yalijaa kurasa na kurasa. Mstari wangu ulikuwa mmoja tu. Mingine yote ilitokana na programu ya kurusha. Tangu ilipofanywa upya ilikuwa ikipitapita kwenye dosie zote kutafuta sauti, ikibisha kila mlango na kurudishwa.

Kusoma mistari ile kungechukua asubuhi nzima. Na kuna amri moja inayochukua rejista ya makatazo na kuigeuza vibali. Yote, kwa mara moja! Nilikuwa nimemwona Espérance akiitumia, kwa mstari mmoja aliouchagua, baada ya kuusoma.

Sasa sikilizeni tabia ya komine. Mwisho wa mwezi, foleni ikifika barabarani, sisi hatukusoma. Tuligeuza rundo, tukagonga, tukaenda kula. Anayerudi kila siku kwa adabu, tulikuwa tunasema, lazima ana haki yake. Nikaitazama programu ile, inarudi kila saa, haipigi kelele, haitukani mtu. Nikaihurumia. Programu, jamani!

Nikaandika amri. Tangazo likasikika. Familia ikanishukuru, mkurugenzi akanipa mkono, na mimi nikajiona fundi.

Kesho yake mchana kipindi kimoja kiliisha mapema. Programu ikatafuta sauti ya kuziba nafasi, ikapata. Mama Zawadi akasema hewani dakika kumi na moja, kwa sauti yake mwenyewe, na majina, na kwaya, na gunia la mchele. Mimi nilikuwa kwa jirani nakula wali na pondu, mboga ya majani ya mihogo. Nilipomtambua kwenye redio ya jirani, nilikimbia kadiri magoti yalivyokubali. Nilipoizima, alikuwa anawashukuru wasikilizaji.

Shemeji ni msikilizaji wetu mwaminifu. Alifika kwa yule dada wa kwaya kabla hata pirogi moja, mtumbwi wetu, haijavuka kupeleka onyo, akasema ametumwa na Mama Zawadi kuchukua karatasi. Akataja hadi gunia. Yule dada hakuwa amefungua redio siku hiyo. Angemshuku vipi mtu anayejua hadi gunia? Akampa.

Mkurugenzi aliponiuliza, nilisema umeme ulikatika ukarudi vibaya. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Aibu yangu!

Espérance alirudi na matope mpaka magotini. Kabla ya kunawa alisoma rejista. Kila kibali kina saa yake na jina la aliyekitoa. Akaniwekea mezani karatasi ya kibali chenye jina langu.

"Papa, mimi sitasema. Utasema weye."

"Ntasema nini?"

"Vile vyenye ulifanya."

Nikavuka mto. Mama Zawadi alikuwa anachambua pondu mlangoni.

"Mama, haikukuwa umeme. Ni mimi niliruhusu."

"Uliruhusu shemeji?"

"Niliruhusu masini isome sauti yako."

"Ulisoma kwanza, mbele ya kuruhusu?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akachambua majani mengine matatu, manne. "Bon. Kama uliniuza kwa shemeji, ningejua uko mubaya, ningekutukana. Sasa batoto ntabaambia nini, Papa? Ati kulikuwa muzee moja alikuwa na haraka?"

Nikashuka mtoni, nikarudi.

Nilimwambia mkurugenzi, na kazi yangu ikaishia hapo. Mama Zawadi akamshtaki shemeji, nami nikasema pia mbele ya hakimu. Hakimu aliuliza kama kompyuta yenyewe inaweza kuja kutoa ushahidi. Kesi imeahirishwa mara tatu. Karatasi iko mkononi mwa shemeji, naye anasema marehemu alimpa mwenyewe.

Juzi, nikirudi kutoka kikao cha tatu, nilikaa kwenye pirogi kando ya magunia mawili ya mihogo. Nikamuuliza mwenye mzigo ameinunua wapi. Akanitajia shamba lile lile, na muuzaji ni shemeji. Aliyeipanda ni Mama Zawadi.

"Mwaka huu inatoka muzuri sana, Papa," akaniambia. "Gusa uone."

Nikaigusa. Ilikuwa mizuri sana.

Nyinyi mnaokaa mbele ya mashine zinazotunza siri za watu, msione haya kukataza. Kitu kikikataliwa, someni kwanza kinachotaka kuingia ni nini, na mlango unaobishwa ni wa nani. Ruhusuni kimoja, kile mlichokielewa. Mkishindwa kuelewa, acheni redio inyamaze. Watu watano watakasirika mlangoni, watarudi nyumbani, watawasamehe. Mimi niliogopa hasira ya watu watano, nikamnyang'anya mjane shamba lake, na kumpa mtu ambaye hata sikumjua.