Mwalimu Aliyecheka Kigugumizi Changu

Nilipokuwa na miaka kumi nilisoma katika shule ya misheni, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kwetu Kibabi. Nilikuwa na kigugumizi. Mwalimu wetu alikuwa na viatu, na kwa ajili ya viatu hivyo alijiona mtu mkubwa. Penye matope alivivua akavibeba kifuani kama mtoto mchanga. Kifaransa chake chote kingeenea ndani ya kiberiti, lakini kila asubuhi alitupigia kelele tunyamaze, "Silansi!"

Burudani yake ilikuwa mimi. Darasa likianza kusinzia, aliniita nisome. Neno la kwanza likinikwama, yeye ndiye aliyetangulia kucheka. Kisha aliniiga, akigonga mguu chini: "Pa-pa-pa-padri!" Darasa zima likavunjika mbavu. Wakati wa kurudi nyumbani watoto walinifuata wakigonga miguu vilevile.

Baba alikwenda kumwona.

"Papa, ni muchezo tu," mwalimu akamjibu. "Mutoto atazoea."

Baba, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alituletea jibu hilo nyumbani kana kwamba lilikuwa na maana.

Jirani yangu wa benchi, mtoto wa wafugaji wa kule juu mlimani, hakuwa rafiki yangu. Tuligombania mahali pa kuweka viwiko. Siku moja nilipoitwa, naye alisimama, akashika upande wa pili wa kitabu, akasoma pamoja nami. Sauti yangu ikafuatana na yake, isikwame hata mara moja. Nilimaliza ukurasa mzima.

"Nani amekuita wewe?" mwalimu akamuuliza.

"Hakuna, Mwalimu. Tunasoma wote wawili."

Alichapwa. Kesho yake akasimama tena, akachapwa tena. Nilimuuliza kwa nini.

"Wanacheka sana, somo haliishe," akasema. "Na mimi niko nataka kurudi ku ng'ombe."

Baadaye padri mmoja alikuja kukagua usomaji wetu, akaninyooshea kidole mimi. Jirani yangu akasimama.

"Mbona wawili?" padri akauliza.

"Padri, akisoma peke yake, Mwalimu anamucheka."

Mwalimu akageuka haraka, akaanza kufuta ubao usioandikwa kitu. Padri alimtazama, kisha akatuambia, "Someni."

Tangu siku ile mwalimu hakuniiga tena. Sikumshukuru. Aliogopa kupoteza kazi. Aibu hakuwa nayo. Wenzangu nao wakaanza kunizunguka, kila mmoja akiapa kwamba yeye hakuwahi kucheka. Niliwasikiliza huku nikiyatazama meno yao. Nilikuwa nayajua yote, moja moja.