Bi Mkubwa Ana Ufa

Saa kumi na moja jioni, ukumbi bado mtupu, na mwanamke mmoja amepiga magoti nyuma ya jukwaa akiwa ameibana tochi kwa meno. Mbele yake, juu ya taulo iliyokunjwa, limelala gitaa la umeme la rangi ya asali. Anapitisha ukucha nyuma ya shingo ya gitaa, pale inapokutana na kichwa, polepole, kama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Ukucha unakwama.

Anarudia. Unakwama palepale.

"Usiniambie," anasema mpiga besi, aliyekuwa akipita na waya zake begani.

"Sijasema kitu." Anaitoa tochi mdomoni na kuifuta kwa upindo wa shati. "Lakini ndiyo. Ana ufa."

Wanamuziki wanamwita Mama Nyuzi. Ndiye fundi wa magitaa wa bendi hii. Anabadili nyuzi, analehemu waya zilizokatika, anakaza kilicholegea, halafu anasimama gizani pembeni mwa jukwaa onyesho zima, ili kiongozi wa bendi akinyoosha mkono nyuma apate gitaa. Kiongozi hageuki. Ananyoosha mkono tu, macho yako kwa watu, na kitu kinawekwa kiganjani.

Bendi ina magitaa mawili ya solo. Hili la rangi ya asali ni la bei mbaya, na wanamuziki wamelibatiza Bi Mkubwa. La pili ni jeusi, la bei poa, lililonunuliwa kwa ajili ya mazoezi. Hilo ni Bi Mdogo. Kwa fedha zilizomleta Bi Mkubwa ungewaleta akina Bi Mdogo ishirini na tano, pamoja na mifuko yao.

"Watu wanadhani tofauti ni mlio," anasema Mama Nyuzi. "Mlio upo, sikatai. Lakini tofauti yenyewe ni nani anamfanyia kazi mwenzake. Bi Mkubwa anakufanyia kazi wewe. Bi Mdogo unamfanyia wewe."

Na amemfanyia kweli. Bi Mdogo alitoka dukani na vyuma vya shingoni vinavyokwaruza kiganja, na vifunguo vya kukazia nyuzi vinavyolegea katikati ya wimbo. Mama Nyuzi alivipiga tupa vyuma hivyo kimoja kimoja, akabadili vifunguo, akalitandika tumbo la gitaa kwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia chakula, ili kupunguza mvumo wa umeme. Mvumo ulipungua, haukuisha. Bi Mkubwa yeye havumi kabisa. Sumaku zake za kunasa sauti zimefungwa mbili mbili, na mvumo wa moja unauua wa nyingine.

Ila kuna sehemu moja ambapo mwenye bei anashindwa na asiye na bei. Shingo ya Bi Mkubwa ni nyembamba, imegundishwa, na kichwa chake kimelala kwa nyuma, kwa hiyo akianguka chali kinachopokea kishindo ni shingo. Ya Bi Mdogo imefungwa kwa skurubu nne. "Huyu akibingirika ngazini, anainuka anaendelea na safari," anasema fundi.

Jioni hii utani huo haumchekeshi hata yeye mwenyewe. Kiti cha mbele kabisa kimewekwa kwa ajili ya mwandaaji wa maonyesho anayechukua bendi kwa ziara za mwaka mzima. Bendi imemfukuzia kwa muda mrefu. Akiridhika, kila mtu hapa ana kazi. Na ufa huu unaweza kustahimili usiku kucha, au ukaachia katikati ya wimbo, kichwa cha gitaa kikaning'inia kwa nyuzi mbele ya umati.

"Likivunjika, ni fundi hakuona," anasema. "Nikikataa kulitoa, ni fundi amejifanya bosi. Huku moto, huku moto. Na binti yangu yuko chuo cha uuguzi, mwaka wa mwisho."

Mama Nyuzi alikuwa fundi cherehani. Marehemu mumewe, mdogo wake kiongozi wa bendi, ndiye aliyekuwa akiyatunza magitaa. Alipougua, akawa anaelekeza akiwa kitandani, mkewe akishika chuma cha kulehemu. Baada ya maziko kiongozi alimwambia aje asaidie kidogo, mpaka watakapompata mtu.

"Nadhani hadi leo bado wanamtafuta huyo mtu," anasema, na hapo anacheka kidogo.

Kiongozi anaingia kupitia mlango wa nyuma, suti imenyooka, viatu vinang'aa.

"Shemeji, Bi Mkubwa yuko tayari?"

"Hayuko tayari, shemeji. Ana ufa shingoni."

Kiongozi haangalii gitaa. Anamwangalia fundi. "Mtie gundi."

"Gundi ya shingo inataka kulala kwenye vibano, tena si usiku mmoja. Onyesho ni leo."

"Jana alikuwa mzima."

"Jana ulipiga naye picha na wale wageni kule hotelini. Ukamwegemeza ukutani. Nilimkuta sakafuni."

Mpiga besi anaanza kuzikagua waya zake kwa makini sana. Kiongozi anavuta mikono ya koti, mmoja kisha wa pili.

"Sikiliza, shemeji. Siwezi kusimama mbele ya yule bwana na ubao wa mazoezi. Nikinyoosha mkono, unaweka Bi Mkubwa. Hukuajiriwa kuchagua."

Anaondoka zake. Mama Nyuzi anabaki ameinama juu ya taulo. Imemuuma. Miaka yote hii hajawahi kuambiwa neno "hukuajiriwa" na ndugu wa mumewe.

Kisha anainuka, anachomeka waya kwenye Bi Mdogo, na kumwomba fundi mitambo awashe taa zote za jukwaani. Spika inaanza kuvuma. Anatembea na gitaa kifuani, hatua moja, anasimama, anageuka kidogo kidogo, sikio limetegwa. Gitaa la namna hii huvuma zaidi au kidogo kulingana na linakoelekea. Upande huu linanguruma, upande ule linanung'unika. Anazunguka hivyo mpaka, kona ya kushoto, mvumo unakata ghafla na ukumbi unakuwa kimya.

Anabandika alama ya utepe mweupe chini ya miguu yake.

"Hatasimama hapo," anasema mpiga besi. "Ukisimama hapo unatazama pembeni. Yeye anatazama watu."

"Najua anakotazama."

Usiku ukumbi unafurika. Kiongozi anaimba nyimbo mbili za kwanza mikono mitupu, kama kawaida yake. Pembeni, Mama Nyuzi amesimama kati ya magitaa mawili, yote yamekazwa, yote yako tayari. Angeweza kutii. Hakuna ambaye angemlaumu kwa kutii, angalau mpaka shingo ikatike.

Mkono unanyooshwa nyuma.

Anaweka Bi Mdogo.

Vidole vinafumba, vinapapasa shingo ambayo ni nene kuliko ile viliyoizoea, na vinasita. Kiongozi anageuka. Ngoma zinaendelea, mpiga besi anaendelea, watu wanapiga makofi wakidhani ni mbwembwe, na yeye amemkazia macho shemeji yake, uso umeiva kwa hasira. Spika inavuma. Mama Nyuzi anaonyesha utepe sakafuni kwa kidole.

Mpiga besi anarudia mzunguko, anaurudia tena, macho ameyafumba.

Kiongozi anapiga hatua, anakanyaga utepe, anageuka mpaka mvumo unakata. Sasa mgongo wake uko nusu kwa umati na uso wake uko kwa mtu mmoja tu aliye gizani. Anaanza kupiga.

Anapiga hivyo usiku mzima. Kila akitaka kugeukia watu mvumo unamkamata, naye anarudi. Katika kiti cha mbele mwandaaji anaonekana akirefusha shingo, akitaka kumwona anayepigiwa.

Baada ya onyesho kiongozi anamweka Bi Mdogo kwenye stendi yake kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo fundi hajawahi kuliona. Halafu anamtazama Bi Mkubwa, aliyesimama mzima, hajakatika.

"Angestahimili," anasema.

"Labda, shemeji."

"Jumatatu tutazungumza."

Mama Nyuzi anakiri kwamba hizo siku mbili hakulala vizuri. Alishasafisha cherehani yake ya zamani na kuitia mafuta, kwa sababu aliona unga umeshamwagika. Hakumwambia binti yake.

Jumatatu alimkuta kiongozi kwenye chumba cha mazoezi, peke yake, amekalia spika.

"Yule bwana amepiga simu," kiongozi alisema. "Ziara bado anaifikiria. Lakini aliniuliza nilikuwa nampigia nani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia fundi wangu." Aliinuka kwenye spika. "Na ukutani nilimwegemeza mimi."

Hayo ndiyo mazungumzo yote waliyofanya, na Mama Nyuzi anasema hakuhitaji mengine.

Siku hizi Bi Mkubwa amelala kwenye vibano katika chumba cha mbele cha nyumba ya fundi, gundi ikikauka. Karibu yake yamepangwa magitaa meusi matatu ya bei poa, ya vijana wa mtaani waliosikia habari za Bi Mdogo. Anataka kukodi chumba chenye dirisha kubwa na kuandika mlangoni kwamba hapa magitaa ya bei nafuu yanatengenezwa kwa heshima. "Mwenye la bei mbaya naye karibu," anasema. "Lakini atapanga foleni."

Onyesho lijalo Bi Mkubwa atarudi jukwaani. Wiki iliyopita kiongozi alipitia kumjulia hali, akagusa shingo, akaridhika. Mlangoni akakumbuka kitu.

"Ile alama yako ya utepe. Uibandike tena."

"Bi Mkubwa havumi, shemeji. Hana haja nayo."

"Wewe bandika tu."

Mama Nyuzi ameshanunua utepe mpya.